Sauti ya Alasiri ya Tatu

Haya niliambiwa na Digna, binti wa kaka yangu, Kwaresima ya mwaka 2006, wiki mbili baada ya kumzika baba yake. Alikuja kwangu Machame na kikapu cha parachichi, akaketi kwenye kigoda jikoni, akanipokonya kisu bila kuomba na kuanza kumenya ndizi. Mengine niliyaona kwa macho yangu, maana siku ya kikao nilikuwepo. Lakini yale ya ndani ya mashine, na yale ya ndani ya moyo wake, ni yeye aliyenipa. Mimi nilisoma hadi darasa la nne, na kompyuta nimeigusa mara moja tu, kuifuta vumbi.

Alianza na kioo.

"Kilikuwa cheusi, shangazi," alisema. "Kisha yakaja maandishi meupe, yanashuka haraka kama mchele unaomwagwa kwenye ungo. Kisha yakasimama."

Yalisimama tarehe ishirini na mbili Desemba 2005, saa nne asubuhi, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kaka yangu kule Kirua Vunjo. Digna alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono ndani ya kitenge. Kitini alikaa Tito, mtoto wa marehemu mdogo wetu, fundi wa redio na kompyuta kule Majengo, Moshi. Tito hakugeuka. Alibonyeza kitu, akangoja, akabonyeza tena. Shingo yake ilikuwa imelowa, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mibuni.

"Jaribu tena," Digna alimwambia.

"Nimejaribu mara tisa, dada."

Ndani ya mashine ile mlikuwa na sauti ya baba yake. Sauti yenyewe kaka yangu Sirili hakuwa nayo tena. Iliondoka Januari ya mwaka ule, siku aliyoanguka kando ya mfereji akitoka kukata majani ya ng'ombe. Tukamkuta mdomo umepinda, mkono wa kulia umekufa, na kila alichotaka kusema kikitoka kama maji yanayochemka kwenye chungu kilichofunikwa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, nieleze ilivyokuwa.

Digna aliolewa tambarare, kwenye mashamba ya miwa, na mtu wa bara aliyefanya kazi kiwandani. Miaka sita hakupata mtoto. Mwaka wa saba alirudishwa kwao na sanduku moja, na mtu aliyemleta hakushuka kwenye gari. Kwetu mlimani binti aliyerudi hupokelewa vizuri, hupikiwa, hupewa kitanda. Ila ardhi hapewi. Nyumba ya baba na kihamba chake, shamba la migomba linaloizunguka, huenda kwa mtoto wa kiume wa mwisho, na huyo alikuwa Rodney, aliyekuwa Holili mpakani akipitisha mizigo ya malori. Rodney si mtu mbaya. Kila alipoulizwa alisema, "Dada atakaa, nani kamfukuza?" Lakini mtu wa kukaa si sawa na mtu wa kwake. Anayekaa huamka kila asubuhi akisikiliza upepo umegeukia wapi. Na akifa, watu huanza kuulizana azikwe wapi.

Digna alikuwa amejifunza uchapaji zamani, kabla ya kuolewa. Shule moja ya mjini ilipoondoa kompyuta zake kuukuu, aliipata moja, akaiweka chumba cha mbele na kuifunika kitambaa cha kudarizi kama mtoto mchanga. Humo alichapa barua za watu, kadi za kipaimara, ratiba za mazishi. Mashine ile ilikuja na programu ya kuiendesha inayoitwa Linux. Tito alinieleza kuwa ni ya bure, ndiyo maana wanyonge wanaipenda.

Mwaka 2004, kahawa ilipokwisha kuvunwa, kaka yangu alimwambia binti yake kwamba anataka kutaja ukoo wote, tangu yule aliyefyeka pori la kwanza, kabla mdomo wake haujasahau. Wakakaa alasiri tatu. Digna aliunganisha kinasa sauti na mashine, baba akasema, yeye akachapa. Alasiri ya kwanza majina. Ya pili, mipaka ya zamani na nani alimpa nani maji ya mfereji. Alasiri ya tatu mzee aliongea kidogo, kisha akasema, "Acha kuandika."

"Nimeacha, baba."

"Hili ukiliandika wewe, watasema umejiandikia. Liache kwenye sauti."

Akasema kwamba ile sehemu iliyo chini ya mfereji, pale mama yao alipozikwa, ni ya Digna, aijenge akitaka, na humo azikwe. Akasema na mengine. Digna alikuwa analia, hakuyasikia vizuri yale mengine, na hakuwahi kurudia kusikiliza. Alidhani kilichomo kompyutani kiko salama kama kilichomo sandukuni. Miezi miwili baadaye mzee akaanguka.

Sasa Desemba ya 2005 watoto wa kiume waliitisha kikao cha ukoo. Noeli kila mtu hurudi mlimani, basi kikao kikawekwa tarehe ishirini na saba. Rodney alikwisha kuteremsha mawe ya msingi pale pale chini ya mfereji. Digna alimwendea mzee Jacob, mkubwa wa ukoo, akamweleza habari ya sauti. Mzee Jacob alimsikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu. "Ilete," alisema. "Tukiisikia, tumeisikia. Usipoileta, mwanangu, sitakuwa na la kusema."

Ndipo likaja kosa la printa. Ile ya Digna ilikufa mwanzoni mwa mwezi ule, akiwa na kadi za harusi mbili za kuchapa. Akapata nyingine mpya, na Linux yake ya zamani ikaikataa kabisa, kama mtu anayepita mlangoni kwako bila salamu. Tito alisema dawa ni Linux mpya. Lakini mpya nayo, alipoijaribu dukani kwake kwenye mashine ya aina ile, ilikuwa bubu: iliijua printa lakini haikutoa sauti yoyote. Basi akashauri zikae zote mbili kwenye diski moja, kila moja na chumba chake, na mtu akiwasha mashine aletewe orodha achague anaingia ipi.

"Kama nyumba ya wake wawili," Tito alimwambia. "Kila mmoja na mlango wake."

"Na wewe Tito, wapi umeiona nyumba ya wake wawili yenye amani?"

Walicheka siku ile. Tito aliweka ile mpya, printa ikafanya kazi, kadi zikatoka. Alipoondoka hawakuijaribu ya zamani. Umeme ulikatika na yeye alikuwa na lifti ya kuwahi. Digna alipokuja kuiwasha peke yake, orodha ilikuwa na jina moja tu, la mpya.

Tito aliporudi tarehe ishirini na mbili, alisema hilo ni dogo, akaliandika jina la ile ya zamani kwenye orodha kwa mkono. Digna akalichagua. Maandishi meupe yakashuka, na mwanzoni yalikuwa yale yale aliyoyazoea, akaanza kupumua. Kisha yakalalamika. Kisha kioo kikafunguka na picha iliyotokea ilikuwa ya ile mpya, ila imekufa ganzi: kipanya hakisogei, spika kimya. Alipofaulu kufika kwenye jalada lake kwa kibodi, halikuwa na kitu. Baba hakuwemo. Tito aliwasha upya akaingia kwenye mpya, na kutokea humo akaiamuru mashine imfungulie chumba cha zamani achungulie. Mashine ikamfungulia. Ndani yake ilikuwa ile ile mpya, printa na kadi za harusi.

Hapo ndipo aliposema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na meza, "Dada, nadhani niliifuta wakati naweka ile nyingine."

Digna alisikia honi uani. Ilikuwa pikapu ya Rodney, aliyekuja mapema kwa ajili ya Noeli na sasa anarudi kutoka sokoni. Na ndiyo pikapu iliyompandisha Tito asubuhi ile, na ndiyo iliyompa lifti ya kushuka safari ile ya kwanza. Mambo hayo mawili yalikutana kichwani mwake kama waya wa moto na wa baridi.

"Naweza kuiweka ya zamani upya," Tito alikuwa anasema. "Sauti haitakuwepo, lakini angalau..."

"Usiguse."

"Dada, nasaidia."

"Amekupa nini?" Alikuwa ametoka mpaka barazani, na uani walikuwepo Rodney, majirani wawili na mzee mwenyewe kwenye kiti chake cha jua. "Holili kakuahidi kazi gani? Umeuza sauti ya baba kwa lifti ya pikapu."

Rodney aliuliza, "Sauti gani?" na Digna aliona kwamba kweli alikuwa hajui. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Tito alikusanya nyaya zake, akazikunja moja moja, polepole, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Alimpa mzee shikamoo ya kuaga. Kisha alishuka njia ya mifugo kwa miguu, akaipita ile pikapu bila kuigusa.

Jioni ile Digna alinipigia simu. Nilimsikiliza nikiwa naota moto, nikamwambia nilichodhani ni wema. Nilimwambia: "Mwanangu, achana nayo. Njoo Machame, kitanda kipo." Akasema asante shangazi, akakata. Alipokuwa ananimenyea ndizi miezi mitatu baadaye ndipo aliponiambia kwamba kile kioo hakikumuumiza kama kitanda changu. Mimi niliyetoka nyumba ile ile, nilikuwa mtu wa kwanza kumhamisha.

Noeli ikaja na watu wake. Nyumba ilijaa mpaka stoo. Digna alikwenda misa, akapika, akamlisha baba, akacheka palipotakiwa kucheka. Alikuwa na karatasi mfukoni. Ni tabia ya wachapaji: siku ile Tito akihangaika, yeye alinakili kwa kalamu kila mstari uliopita kiooni na kila mstari wa ile orodha, bila kuelewa, herufi kwa herufi. Usiku aliilaza chini ya mto na asubuhi aliirudisha mfukoni. Hakuwa analala. Alifumba macho tu akiyasikiliza mawe ya Rodney yalivyokaa kimya kule chini ya mfereji.

Mchana wa Noeli mzee alipaliwa na mtori, ile supu ya ndizi.

Huyu hakuwa mtu wa kupigwapigwa mgongoni. Tangu augue alihitaji kugeuzwa ubavu kwa namna fulani, na aliyeijua vizuri namna hiyo ni Theodora, mke wa Ambrosi, mtoto wa kwanza wa kaka yangu. Theodora ni muuguzi Arusha. Digna alimshika baba kichwa akaita kwa nguvu kuelekea uani, "Mama Sirili, njoo haraka."

Aliyeingia mbio alikuwa Gladys, mke wa Rodney, unga mpaka kwenye viwiko. "Nimekuja, wifi, nishike wapi?"

"Si wewe. Namtaka Mama Sirili wa Arusha."

"Ni mimi niliyekuwa mlangoni," Gladys alisema, amechanganyikiwa, na akashika miguu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Digna alimgeuza baba yake mwenyewe, vibaya vibaya, akamkwangua mdomo kwa kidole, na mzee akavuta pumzi. Ndipo Theodora alipotokea jikoni na mwiko. "Nilisikia," alisema, "nikajua anaitwa mwenzangu."

Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hubeba jina la baba wa baba yake. Ambrosi alipopata wake akamwita Sirili. Rodney alipopata wake akamwita Sirili. Huko Arusha kuna Mama Sirili mmoja, na Holili yuko mmoja, na kila mmoja kwake anajulikana. Ni Noeli tu ndipo wanapokutana uani kwa mkwe, na ukiita, anayeitika ni aliye karibu na mlango. Tumecheka habari hiyo miaka yote. Siku ile hakuna aliyecheka.

Digna alibaki sakafuni, kichwa cha baba mapajani. Alisikia kitu kinajipanga ndani yake. Alitoa karatasi mfukoni kwa mkono mmoja.

Kwenye orodha kulikuwa na mistari miwili, mmoja wa zamani, mmoja wa mpya. Kila mmoja uliiambia mashine: amka, kisha katafute chumba chako kikuu, kinachoitwa hivi. Na majina yaliyoandikwa kwenye mstari wa kwanza na wa pili yalikuwa kitu kimoja, alama moja tu, mkwaju, kijistari kilichoinama. Vyumba vyote viwili vilikuwa na jina moja. Kila Linux ilipowekwa ilidhani itaishi peke yake, ikakipa chumba chake jina ambalo kila moja hukipa chumba chake. Ya zamani ilipoamka ikaita, ikaitikiwa na mpya. Na Tito naye alipotaka kuchungulia chumba cha zamani, alikiita kwa jina hilo hilo, akafunguliwa kile kile cha mpya.

Basi huenda hakuna kilichofutwa. Huenda baba alikuwa amekaa jikoni muda wote na mwiko mkononi, akidhani anaitwa mwingine.

Hakuweza kufanya lolote peke yake. Aliujua ugonjwa lakini hakujua kutibu, na fundi alikuwa amemtukana mbele ya watu.

Asubuhi ya tarehe ishirini na sita, kabla ya chai, alikwenda kwenye mpaka wa shamba akakata jani la sale. Alilikunja, akalifunga fundo, akaliviringisha kwenye leso. Majani hayo ndiyo tunayoyapanda mipakani, na ndiyo tunayompelekea mtu tuliyemkosea. Akiletewa, hana ruhusa ya kukataa. Digna alishuka nalo Moshi akiwa amelishikilia kifuani kama mtu aliyebeba yai.

Tito alikuwa dukani, redio ya mtu imefunguliwa tumbo mbele yake. Kwenye benchi alikaa mwenye redio, mama mmoja mtu mzima wa Pasua, akingoja. Digna alifungua leso juu ya kaunta.

Tito alilitazama jani muda mrefu. "Sale, dada? Mjini huku, mbele ya wateja?"

"Nilikutukana mbele ya watu. Sasa nikuombe radhi wapi, chooni?"

Mama wa Pasua alicheka mpaka akashika benchi. "Pokea, baba. Hilo halirudishwi hata ukiwa na hasira za nyuki."

Tito hakucheka. "Sikununuliwa," alisema.

"Najua."

"Hujui. Umekuja kwa kuwa kikao ni kesho na unanihitaji."

Digna alifikiri kusema hapana. "Na hilo pia," akasema. "Lakini hata kama sauti haipo kabisa, nilikosa. Neno lile lilikuwa la kwangu, si la mashine."

Tito alilichukua lile jani, akalipachika kwenye mfuko wa shati pamoja na kalamu. Ndipo Digna alipotoa karatasi akaitandaza, akaweka kidole kwenye mkwaju wa kwanza, kisha kwenye wa pili. Aliona macho ya Tito yakienda, yakarudi, yakaenda tena. Fundi aliweka bisibisi chini.

"Niliita kwa jina," alisema polepole. "Diski ina namba kila sehemu, namba hazifanani, na mimi, fundi mzima, niliita kwa jina." Akageuka kwa mama wa Pasua. "Mama, redio yako keshokutwa."

"Nenda, baba. Miaka saba imekaa kimya, siku mbili haitakufa."

Walipanda mlimani, na saa nane mchana wakakaa mbele ya kioo, mlango umefungwa. Tito aliingia kwenye ile mpya, akaiambia impe sehemu ya pili ya diski, kwa namba. Mashine ilifikiri. Ikafunguka. Digna aliona majalada yake ya zamani yamejipanga yalivyokuwa, barua, vipaimara, mazishi ya watu, na chini kabisa matatu madogo aliyoyapa majina mwenyewe: baba1, baba2, baba3.

Hakuweza kulia. Aliyagusa kiooni kwa kidole, moja moja.

Sasa ilibaki kuipa ile ya zamani jina lake. Bila hivyo isingeamka vizuri, na ni hiyo peke yake iliyoweza kutoa sauti. Mpya ingewaonyesha jalada na kubaki bubu. Ilibidi chumba kibatizwe upya, kisha jina hilo liandikwe kwenye orodha ya kuwashia, na tena kwenye daftari la ndani la mfumo wenyewe linalosema nani anakaa wapi. Likisahaulika mahali pamoja, itakwama. Namba ikikosewa, atabatizwa asiyehusika, na zote mbili zitapotea njia. Tito aliandika amri yote, kisha akainua vidole kwenye kibodi kama mtu aliyeona nyoka.

"Isome, dada. Namba kwa namba. Mimi siyaamini macho yangu leo."

Digna aliisoma. Akaisoma tena kutoka nyuma. "Tuiite nani?" aliuliza.

"Neno fupi."

"Andika sirili1."

Tito alitabasamu mara ya kwanza tangu asubuhi. Akabonyeza.

Walizima, wakawasha. Maandishi meupe yakashuka kama mchele, yakapita pale yaliposimama siku ile, yakaendelea kushuka. Picha ya zamani ikatokea, ile ya ndege mweusi na mweupe mwenye tumbo. Digna alifungua baba3. Ng'ombe akalia. Mtu akakohoa. Akaizima hapo hapo.

"Hutaki kusikiliza?" Tito aliuliza.

"Kesho. Na wengine."

Siku ya kikao nilikuwepo, kama nilivyosema. Nilifika asubuhi na mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, nikakaa upande wa wanawake, na Digna aliponipa shikamoo sikuweza kumtazama sawasawa. Spika ziliwekwa juu ya kabati la vyombo. Mzee Jacob alikuwa ameketi katikati, kaka yangu pembeni yake kwenye kiti cha mito, Rodney karibu na dirisha ambapo mawe yake yalionekana.

"Hata kasuku huiga watu," Rodney alisema. "Tutajuaje ni baba?"

"Tukisikia tutajua," mzee Jacob alisema. "Digna, washa."

Ng'ombe akalia. Mtu akakohoa. Kisha kaka yangu akazungumza, kwa ile sauti yake nzito inayoburuta maneno mwishoni, ambayo hatukuwa tumeisikia mwaka mzima, na wanawake wawili wakajifunika nyuso. Kwenye kiti cha mito, kaka yangu mwenyewe aligeuza kichwa kuelekea mlangoni, kama mtu anayengoja kuona ni nani anayeingia.

Ilisema, acha kuandika. Ilisema, sehemu ya chini ya mfereji ni ya Digna, na humo azikwe, asizungushwe kwa watu akiombewa shimo. Ikanyamaza. Tulisikia kilio kidogo, cha Digna wa mwaka ule. Kisha yakaja yale mengine.

"Rodney atakasirika," sauti ilisema. "Ni mtoto mzuri, ila ana haraka tangu tumboni. Mwambieni kuna mgomba wa mchare pale, ukingoni mwa mfereji, wa tatu kutoka kwenye kaburi la mama yake. Niliupanda siku aliyozaliwa na kitovu chake kiko chini yake. Huo ni wake, ingawa uko upande wa dada yake. Kila ukizaa, mkungu apelekewe, popote atakapokuwa. Basi. Zima, mwanangu, nimechoka."

Mzee Jacob aliuliza kwa upole, "Rodney. Ni sauti ya nani?"

Rodney alikuwa ametazama dirishani. Nadhani alikuwa anahesabu migomba. "Ya baba," alisema. Akasimama akatoka, na tulidhani amekasirika. Gladys akanyanyuka kumfuata, lakini mzee Jacob akamwonyesha kwa mkono akae. Baada ya muda tukasikia jembe. Alikuwa anachimba kando ya mfereji, peke yake, na pembeni yake ameweka rundo la masale aliyoyang'oa kwenye mpaka wa juu, na udongo wake. Aliyapanda kwa mstari, mpaka wa sehemu ya dada yake, hadi kwenye ule mgomba wa tatu. Hapo alisimama, akauzunguka, akaendelea upande wa pili.

Watu walikunywa, walikula, wakaanza kuondoka jua likiwa bado juu. Tito alipitiwa na usingizi barazani juu ya magunia ya kahawa, sale limenyauka mfukoni. Rodney alilala ndani ya pikapu, milango wazi, miguu yake yenye udongo nje. Kaka yangu tulimrudisha kitandani, lakini kila tulipotaka kutoka alinyoosha ule mkono wa kushoto kuelekea kabati la vyombo.

Digna alielewa kabla yangu. Alizileta spika karibu, akawasha baba1, alasiri ya kwanza, ile ya majina. Ikaanza kumtaja aliyefyeka pori la kwanza, na mwanawe, na mwana wa mwanawe. Kaka yangu alisikiliza macho wazi, midomo ikicheza bila sauti, akifuatana na yeye mwenyewe. Kufika kizazi cha tano midomo ilitulia. Kizazi cha sita akawa amelala.

"Nenda kapumzike," nilimwambia Digna.

"Niache hapa hapa, shangazi. Hapa ni kwangu."

Aliketi sakafuni, akaegemea ubao wa kitanda. Hakuwa amelala tangu tarehe ishirini na mbili. Sauti iliendelea kutaja watu, wengine wakiwa na jina moja na mababu zao, na kila mmoja ikimwekea kijineno pembeni asichanganywe na mwenzake: yule wa mfereji, yule wa ng'ombe mweupe, yule aliyekwenda na hakurudi. Nilimfunika kitenge changu mabegani. Alisema kitu ambacho sikukishika, kichwa kikashuka taratibu mpaka kwenye mkono wa baba yake, na akalala.